Michigan yangu ilikosea, na faini haitoshi

Niseme wazi kabisa, mimi ni shabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan. Niko Grand Rapids mwaka wa nane sasa, huu mpira wa Kimarekani nilifundishwa kazini na jamaa mmoja tunayefanya naye shifti ya usiku, alikuwa ananichorea kwenye vipande vya maboksi nani anakaa wapi na kwa nini wanasimama kila baada ya sekunde tano, na mpaka leo Jumamosi za kuanzia Septemba hakuna mtu nyumbani kwangu anayegusa rimoti. Tarehe 8 Januari 2024 tulipoifunga Washington 34-13 kule Houston kwenye fainali ya ubingwa wa vyuo nililia mbele ya wanangu. Mechi 15, ushindi 15. Kwa hiyo haya siyaandiki kama mtu wa Ohio State, mahasimu wetu, anayetafuta sababu, nayaandika kama mtu aliyelipenda lile kombe, bado analipenda, na ndo maana linamuuma.

Kwa ambao hamkufuatilia, jambo lenyewe, la Michigan kuiba ishara za wapinzani, liko hivi. Kwenye huu mchezo kila shambulizi linapangwa kabla mpira haujaguswa, na anayepanga ni kocha aliyesimama nje. Sasa uwanja wa Michigan pale Ann Arbor unaingiza watu 107,601, kelele zake hata ukipiga mbiu mchezaji hakusikii, basi kwa miaka mingi timu za vyuo zimekuwa zikitumia ishara. Unawaona watu watatu pembeni, mmoja anagusa kofia anapiga paja, mwingine anazungusha mikono kama anakoroga uji, mwingine kainua bango kubwa lenye picha za ajabuajabu, na katika hao watatu pengine mmoja tu ndo anasema kweli, wengine ni kuzuga. Kotabeki, yule anayeongoza shambulizi uwanjani, anasoma, anajua la kufanya. Sasa mimi niliye upande wa ulinzi nikijua ile ishara maana yake wanarusha na hawakimbii na mpira, nimeshakuwa na nusu ya jibu kabla swali halijaulizwa.

Na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kuiba ishara kwa macho yako, pale pale uwanjani, siku ya mechi, hakukatazwi. Kuangalia mechi za mpinzani kwenye TV mpaka macho yawe mekundu, ruksa. Kinachokatazwa na NCAA, ambao ndo wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, ni vitu viwili: kutuma mtu aende mwenyewe kwenye mechi ya timu mtakayokutana nayo msimu huohuo, na kurekodi ishara zao kwa kifaa chochote.

Connor Stalions alikuwa mfanyakazi wa ngazi ya chini tu pale Michigan, aliyepita chuo cha wanamaji na kuwa mwanajeshi. Alinunua tiketi kwa jina lake, akazigawa kwa marafiki na watu wengine, wakaenda kukaa upande unaotazama benchi la mpinzani, wakainua simu na kurekodi makocha wakipiga ishara mechi nzima. Ukichukua ile video ukaiweka pembeni ya video ya kawaida ya mechi, unajua ishara hii ilizaa nini na ile ilizaa nini, ukirudia mara kadhaa kamusi imekamilika. NCAA walikuja kuhesabu mara 56, kwenye mechi 52, dhidi ya wapinzani 13, kuanzia msimu wa 2021 mpaka 2023. Yeye mwenyewe huo mtandao wake aliuita KGB, kama wale majasusi wa Kisovieti. Halafu tarehe 1 Septemba 2023, Michigan State (hicho ni chuo kingine, siyo sisi) wakicheza na Central Michigan, akaonekana mtu kwenye benchi la Central Michigan kavaa nguo zao na miwani ya jua, mechi ya jioni, na uchunguzi ukaja kuthibitisha kuwa ni yeye. Mtu wa Michigan, ndani ya benchi la timu nyingine, anamwangalia mpinzani wa mwezi ujao. Nilipoiona ile picha mara ya kwanza nilijisikia vibaya kama nimemkuta ndugu yangu dirishani kwa jirani.

Najua wengi mnaosoma hapa ni watu wa soka na mtauliza, sasa kosa liko wapi? Kwetu kocha kukaa jukwaani akimtazama mpinzani ni kawaida kabisa, tena asipoenda anaonekana mzembe. Hata ile ya Bielsa mwaka 2019, mtu wa Leeds kukutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby, kelele zilikuwa ni kwa sababu ni mazoezi, siyo mechi. Swali lenu ni la haki, na mimi nililiuliza hivohivo.

Jibu nililolipata ndo limenibadilisha mawazo. Ile sheria iliwekwa mwaka 1994 kwa sababu ya pesa. Kabla ya hapo mwenye uwezo alikuwa anatuma watu nchi nzima, ndege, hoteli, posho, wakati chuo kidogo kinahesabu mafuta ya basi. Wakasema jamani basi, asiende mtu yeyote, wote tuangalie video zilezile. Yaani ni sheria iliyotungwa ili asiyenacho asionewe na mwenye nacho, na Michigan ni mwenye nacho haswa, chuo kikubwa, tajiri, chenye historia. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni vitiketi tu vile, kuna nini" namwambia hapana, hivyo vitiketi ndo kitu chenyewe ambacho sheria ilikuwa inakizuia, ile kusema mimi nina uwezo wa kununua macho 30 na wewe huna.

Na mwaka huohuo 1994, angalia hii, ligi ya kulipwa NFL waliweka redio ndani ya helmeti ya kotabeki, kocha anaongea mchezaji anasikia, tatizo la ishara za mashambulizi likaanza kuisha. Vyuo vikaendelea kupiga mapaja na kuinua mabango kwa miaka 30 mbele ya watu laki moja wenye simu mfukoni. Redio wameruhusu Aprili 2024, baada ya aibu yote hii, mchezaji mmoja kila upande anasikia na sauti inakatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha shambulizi. Hilo mimi nawalaumu wakubwa wa vyuo bila kupepesa. Nyumba wameiacha bila mlango wakabandika karatasi "usiingie". Haimwondolei mwizi kosa lake, lakini mwenye nyumba naye asijifanye kashangaa.

Sasa kuhusu wenzangu mashabiki wa Michigan. Hoja yao kubwa ni kwamba kila mtu anaiba ishara. Kuiba kwa macho, kweli. Lakini huu mfumo wa tiketi na kamera kwa misimu mitatu sijaona aliyethibitishwa kuufanya zaidi yetu. Na wengi wa hawahawa mwaka 2020 walikuwa wanataka Houston Astros wanyang'anywe ubingwa wa besiboli kwa kuiba ishara kwa kamera na kugonga pipa la taka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kuna hoja yao nyingine ambayo naikubali, tena kwa moyo wote, na ndo inayoniumiza zaidi. Stalions alisimamishwa kazi tarehe 20 Oktoba 2023, tukiwa tumeshacheza mechi saba. Zilizobaki nane zote tulishinda bila yeye. Michigan State 49-0. Tarehe 10 Novemba mkuu wa ligi yetu ya Big Ten, Tony Petitti, akamfungia kocha Jim Harbaugh mechi tatu, timu ikiwa imeshatoka kwenda kwa Penn State, na kesho yake msaidizi wake Sherrone Moore akashika timu akashinda 24-15, akahojiwa akilia. Kwenye ile mechi tulimaliza kwa kukimbia na mpira mara 32 mfululizo. Mara 32! Penn State wanajua, uwanja mzima unajua, mimi niliye kwenye kochi Grand Rapids najua kuwa wanakimbia tena, na hawazuiliki. Halafu Ohio State 30-24, halafu Alabama kwenye nusu fainali ya Rose Bowl 27-20 muda wa nyongeza. Ile timu ilikuwa nzuri kweli. Blake Corum, mkimbiaji wetu mkuu, hakuhitaji video ya mtu yeyote.

Basi kwa nini? Hilo ndo swali langu kwa wale watu wazima. Mlikuwa na vijana wa miaka 19, 20, 21 wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi hii ya Michigan, wanabeba vyuma, wanavunjika vidole, na nyie mkaenda kuwatilia doa kwa kitu ambacho hawakukihitaji. Sasa hivi huyo kijana akisema mimi bingwa wa 2023 kuna mtu atacheka pembeni. Mtu atasema zile 42-27 na 45-23 dhidi ya Ohio State mwaka 2021 na 2022 zilikuwa za tiketi. Mimi siwezi kumjibu! Hakuna anayeweza kumjibu, kwa sababu ukishachafua hujui tena kipi kingetokea. Mwaka 2024 tukaenda Columbus, nyumbani kwa Ohio State, na redio kwenye helmeti tukawafunga 13-10, wao wakaja kuwa mabingwa wa nchi msimu huohuo, watu wakasema mmeona? Sawa, nimeona, lakini mwaka huohuo tulimaliza 8-5, yaani ushindi nane na vipigo vitano. Kila mtu anachagua namba anayoitaka.

Na walivyobanwa ndo wakaharibu zaidi. Ripoti inasema Stalions alitupa simu yake bwawani. Moore alifuta meseji 52 alizokuwa ameandikiana na Stalions, zikaja kupatikana baadaye. Harbaugh alikana kwamba alijua, na NCAA wakasema hakutoa ushirikiano. Mtu anayetaka kuaminiwa hafuti meseji, bana. Halafu kwa muda mrefu jina lililokuwa linatajwa ni la Stalions peke yake, yule mdogo kuliko wote, kamba ikakatikia pembamba. Mimi sikubali kwamba mtu wa ngazi ile anasimama jirani na makocha wakubwa mechi baada ya mechi akiwaambia wanarusha, wanakimbia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kijana, haya unayapata wapi?

Hukumu ikaja tarehe 15 Agosti 2025. Karibu miaka miwili! Faini ya dola 50,000, juu yake asilimia 10 ya bajeti ya timu, juu yake mapato ya mechi za baada ya msimu kwa 2025 na 2026, ukijumlisha unavuka dola milioni 20. Miaka minne ya kuangaliwa kwa karibu. Stalions miaka 8 ambayo chuo kikitaka kumwajiri kijieleze kwanza mbele ya NCAA, Moore miwili pamoja na kukosa mechi, Harbaugh miaka 10. Ila miaka ya Harbaugh inaanza kuhesabiwa Agosti 2028, kwa sababu bado anatumikia adhabu ya kesi nyingine, na yeye ameshaondoka tangu Januari 2024, anafundisha Los Angeles Chargers kwenye NFL ambako NCAA haina mkono. Ushindi haukufutwa. Na kufungiwa mechi za baada ya msimu hakukuwepo, kamati ikasema adhabu hiyo ilistahili lakini ingewaumiza wachezaji wa sasa ambao hawakuhusika.

Sikatai kwamba wachezaji wa sasa hawakuhusika. Lakini nani kawafanya wasihusike? Ni kuchelewa. Mambo yalijulikana Oktoba 2023, tiketi zilikuwa na jina la mtu, kamera za viwanja zipo. Mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris timu ya wanawake ya Kanada ilikamatwa imerusha droni juu ya mazoezi ya New Zealand, FIFA wakawakata pointi 6 mashindano yakiwa bado yanaendelea na kocha wao Bev Priestman akafungiwa mwaka mmoja. Wale dada hawakurusha droni, iliwauma, najua. Ila adhabu ilianguka kwenye meza iliyoliwa, na walishinda mechi zao zote tatu za kundi wakasonga mbele vichwa juu, hakuna mtu anayeweza kuwaambia neno. Hicho ndo nilikuwa nakitaka kwa akina Corum pia, walipe hapohapo, wamalize, wawe huru.

Badala yake tumepewa bili. Waswahili walisema penye udhia penyeza rupia, na chuo kama Michigan rupia kinazo. Sheria iliyowekwa kuzuia nguvu ya pesa, ukiivunja unalipa pesa, sasa tumezuia nini? Chuo kidogo kingepigwa faini ya asilimia 10 ya bajeti kingefunga kitengo. Sisi tulikata rufaa na Jumamosi uwanja ukajaa.

Mimi ningekuwa na sauti pale, zile milioni 20 nisingeziacha zipotelee kwenye akaunti ya mtu yeyote mkubwa. Zikanunue redio za helmeti kwa vile vyuo ambavyo bado bajeti yao ni ya kubana, maana kwa kadiri ninavyoelewa redio ni ruhusa tu, siyo kwamba mtu anakuletea mlangoni. Nilimwambia hivyo yule jamaa yangu wa shifti, tuko mapumziko saa tisa usiku tunakula, na yeye ni Michigan tangu kuzaliwa, baba yake Michigan, babu yake Michigan. Alinyamaza muda mrefu. Akaniambia alikuwa na mpango wa kuitundika ukutani sebuleni jezi ya ule ubingwa, ameshanunua na fremu, na mpaka leo bado iko kwenye boksi.