Tatizo liko ufukweni

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika Ujiji saa nane mchana. Nilikuwa barazani na wanafunzi wangu wawili wa kidato cha sita, kikokotoo kimoja na daftari la mistari, tukitafuta jibu ambalo tayari tulikuwa nalo. Fanksheni yetu ilikuwa rahisi kuandika: chukua 1, toa x, kisha ipandishe kwenye kipeo cha hasi robo tatu. Ukiweka x = 0 unapata 1.

Tukaijenga upya kwa polinomia za Legendre, zile zilizotokana na kazi ya Adrien-Marie Legendre kuhusu mvutano wa magimba, mwishoni mwa karne ya 18. Ya kwanza ni 1, ya pili ni x, ya tatu ni (3x² − 1)/2, na zinaendelea hivyo bila mwisho. Kila moja unaipa uzito wake, unazijumlisha, na vitabu vinakuahidi kwamba ukijumlisha za kutosha utairudia fanksheni yako. Tuliposimama kwenye x = 0, polinomia za daraja witiri (daraja ni kipeo kikubwa kabisa cha x) zote zilitoa sifuri, tukabaki na za daraja shufwa. Jumla ya kwanza ikawa 2.38. Tulipoongeza daraja la 2 ikashuka hadi −0.40. Daraja la 4 likaipandisha hadi 2.40, la 6 likairudisha −0.40.

"Mwalimu, tumekosea mahali," akasema mmoja wao.

Tukarudia hesabu yote tangu mwanzo. Hatukuwa tumekosea. Kila nyongeza ina ukubwa wa kama 2.8, moja inapanda na inayofuata inashuka, na haitapungua hata ukijumlisha mpaka kesho kutwa. Jibu la kweli ni 1, na jumla hailigusi kamwe.

Tazama mahali tuliposimama. Fanksheni hii inalipuka kwenye x = 1, mwisho kabisa wa kipande kinachoanzia −1. Sisi tulikuwa katikati, kwenye 0, ambako ni shwari kabisa. Maradhi yako ukingoni, lakini homa imefika katikati.

Baba mdogo wangu alivua dagaa kwa miaka mingi akitokea Kibirizi. Alikuwa akituambia kwamba usiku kucha hana wasiwasi na maji, ingawa chini yake kuna kina kinachofika mita 1,470 sehemu nyingine za Ziwa Tanganyika. Wasiwasi wake ulianza alfajiri, wakati wa kuingiza mtumbwi ufukweni, maana wimbi ambalo huko ndani lilikuwa linamtikisa tu, hapa linanyanyuka na kupiga. Polinomia za Legendre zina tabia hiyo hiyo. Ukizisawazisha zote ziwe na ukubwa mmoja, katikati zinacheza kwa kimo cha kawaida, lakini zikikaribia −1 na 1 zinanyanyuka kama 1 gawanya kwa kipeuo cha nne cha (1 − x²).

Sasa pima ukubwa wake. Kipimo tunachotumia kina namba p: unapandisha kimo kwenye kipeo cha p, unatafuta eneo chini ya grafu, kisha unachukua kipeuo cha p. Kadiri p inavyokuwa kubwa, ndivyo vilele vinavyohesabiwa kwa ukali zaidi. Pandisha kile kimo cha ufukweni kwenye kipeo cha 4: unapata 1 gawanya kwa (1 − x²), na eneo lake halina ukomo. Chini ya 4, eneo lina ukomo. Namba 4 inazaliwa hapo, mbele ya macho yako, na mwenzake ni 4/3, kwa sababu robo na robo tatu hufanya 1 kamili.

Mwanahisabati Harry Pollard alithibitisha mwaka 1947 kwamba kukata mfululizo wa Legendre, yaani kusimamisha jumla kwenye daraja fulani, kuna mpaka pale p inapokuwa kati ya 4/3 na 4. Ninaposema mpaka nina maana kwamba ipo namba moja, isiyobadilika, ambayo matokeo hayawezi kuzidi ukubwa wa fanksheni uliyoingiza mara namba hiyo, hata ukate wapi na fanksheni iwe ipi. Mwaka 1952 Newman na Rudin wakaonyesha kwamba kwenye 4 na 4/3 zenyewe mpaka huo haupo. Fanksheni yetu ya barazani imekaa ukingoni hapo hapo: kipimo chake kina ukomo kwa kila p iliyo chini ya 4/3, na kikifika 4/3 kinapasuka.

Linganisha na mfululizo wa Fourier, unaojumlisha saini na kosaini badala ya polinomia hizi. Huko unafanya kazi juu ya duara, na duara halina ufuko. Marcel Riesz alionyesha mwaka 1927 kwamba huko kukata kuna mpaka kwa kila p iliyo zaidi ya 1 na yenye ukomo. (Mwaka huo huo meli ya Liemba, iliyokuwa imeopolewa kutoka ziwani, ilirudi kazini hapa Kigoma. Wanafunzi wangu hawausahau tena.)

Nilipokuwa chuoni, mhadhiri mmoja aliandika mfululizo wa Legendre ubaoni, akasema "tuchukulie unakubali", yaani jumla inaifikia fanksheni, akaendelea na mfano. Nilinakili kama nilivyoambiwa. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba sentensi ile ilikuwa imeruka somo lenyewe. Hadi leo linaniuma, na ndiyo maana nashikilia kwamba swali la mpaka lazima litangulie: kabla ya kumfundisha kijana kutafuta uzito wa kila polinomia, muulize kitendo anachotaka kukifanya kinadhibitiwa na kipimo kipi. Najua watasema silabasi haina nafasi na mtihani hauliulizi. Ilituchukua saa mbili na kikokotoo kimoja.

Tena asifundishwe kuzilaumu polinomia. Kosa ni la kisu. Chukua zile jumla mbili, 2.40 na −0.40, tafuta wastani wake: 1. Jibu lilikuwemo muda wote, likifichwa na ukataji wa ghafla. Ukipunguza kila nyongeza taratibu kadiri daraja linavyopanda, kwa njia ya Poisson, mambo yanatulia. Muckenhoupt na Stein walilifanyia kazi hilo mwaka 1965 kwa familia nzima ambayo Legendre ni mmoja wao, wakapata mpaka kwa kila p zaidi ya 1, pamoja na opereta ya fanksheni mwenza (kitendo kinachofanana na kugeuza kila kosaini kuwa saini) alimradi p ina ukomo. Ile 4 haiwasumbui. Na ukitumia familia nyingine, polinomia za Chebyshev, pamoja na uzito wake (hapa ni kizidishi unachoweka unapopima eneo), x inageuka kosaini ya pembe, kipande kinakunjwa kuwa nusu duara, na ufuko unatoweka.

Umeme uliporudi, kijana aliyesema tumekosea hakuinuka. Aliuliza itakuwaje tukiweka 0.7 badala ya robo tatu. Nikamwambia nyongeza zitapungua, ila polepole mno: ili ukubwa wake ushuke kwa nusu, daraja liongezeke mara 1,024 hivi. Akafungua ukurasa mpya, akaanza na daraja la 0.