Kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu kwa simu: nani atamfuata aliyenyamaza?

Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi sita, dawa kila siku. Utaratibu wa zamani ulimtaka mgonjwa ameze mbele ya mtu wa kumshuhudia. Kwa anayeishi mbali na kituo cha afya, hiyo ni nauli ya boda boda kila mara, na kikohozi kikipungua tu, kishawishi cha kukatiza dozi ni kikubwa.

Ndiyo maana naiunga mkono njia ya 99DOTS, iliyojaribiwa katika vituo 18 hapa Uganda. Dawa hukaa ndani ya bahasha; ukitoa kidonge, namba ya simu iliyofichwa inajitokeza. Unaipiga bure, hata kwa simu ya kitochi, na muuguzi anaona umepiga. Huhitaji bando. Kwa muuguzi mwenye foleni mlangoni tangu asubuhi, kujua nani wa kumshughulikia kwanza ni msaada mkubwa mno.

Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayaruhusu shangwe. Walioandikishwa walimaliza matibabu vizuri zaidi. Ila karibu nusu ya wagonjwa hawakuandikishwa, na walipohesabiwa wote, faida haikuonekana wazi. Mimi sishangai. Kuna nyumba zenye simu moja tu, na simu hiyo hushinda mfukoni mwa baba.

Hapo pia ndipo siri inapovuja. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, lakini haiwezi kumzuia mume kusoma ujumbe wa kumkumbusha mkewe dawa, ziwe za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI. Ndoa imo hatarini, pengine na maisha. Tena mitambo inayotegemea intaneti ina udhaifu wake: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Kinachonisumbua zaidi ni huyu asiyepiga simu. Mtambo unaonyesha kimya chake, basi. Anayebisha hodi kwake ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, na kazi hiyo wengi wao wanaifanya kwa kujitolea tangu mpango huo uanze mwaka 2001. Kabla ya kueneza teknolojia hii kwenye vituo vingine, Wizara ya Afya iweke kwenye bajeti posho na nauli ya mhudumu huyo.