Miezi 60 ya mshahara upi?

Nchini Uganda, kila shimo la dhahabu linapofukia watu Busia, Buhweju au Karamoja, mjadala hupita njia ileile. Kampala wanataka sheria ya usalama migodini iongezewe makali: faini ipande, shimo lisilo na leseni lifungwe, anayetumia zebaki kunasa dhahabu ashitakiwe. Wachimbaji wadogo wakinung'unika, huambiwa kwamba hawajui thamani ya uhai wao. Hapo ndipo wanapoonewa, ingawa wanaodai sheria kali nao wana hoja nzito.

Ukiisoma Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, unaona kwamba aliyeiandika alikuwa na kiwanda akilini: pana mwajiri, pana geti, pana daftari la wafanyakazi. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama. Vifaa vya kinga vitolewe bila kumkata mtu mshahara. Kilembe ya zamani mambo kama hayo yaliwezekana. Mgodi ule wa shaba, uliofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, ulikuwa na kampuni moja ya kuulizwa, na hata hospitali yake. Kwenye machimbo ya Tiira, Busia, au Rupa, Karamoja, hakuna geti. Kuna mwenye shamba, mwenye shimo, wachimbaji, wabebaji, wanawake wanaoponda na kuosha mawe, mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), na mnunuzi anayekuja na mizani yake. Ajali ikitokea, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Kwa hiyo anayesema sheria ina matundu hajakosea. Sheria ya Madini ya 2022 iliziba baadhi: ilimtambua mchimbaji mdogo kwa leseni yake mwenyewe, na ikapiga marufuku zebaki, ambayo Uganda ilikuwa imeshaahidi kupambana nayo iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2019. Juu ya zebaki sina ubishi. Ikichomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake unaingia mapafuni na kuishia kwenye ubongo na figo, na wengi huichomea nyumbani, watoto wakiwa pembeni.

Lakini mchimbaji anayesikia habari za sheria kali anakumbuka Mubende. Agosti 2017 wanajeshi na polisi waliwaondoa huko maelfu ya wachimbaji, na uharibifu wa mazingira ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Watu waliondoka, njaa yao waliondoka nayo. Tangu hapo, gari la serikali likionekana machimboni, anayeshuka anaweza kuwa mkaguzi wa kweli, lakini wachimbaji wanaangalia kwanza kama nyuma yake kuna gari la askari. Na shimo lililofungwa kwenye karatasi tu huchimbwa usiku, kwa tochi, bila mtu wa kushika kamba juu, na wa ndani wakifukiwa, walio nje wanaogopa kuita msaada. Adhabu ikiwa kubwa, woga huo unakua pamoja nayo. Wanaotunga sheria sijui kama wamewahi kuuweka kwenye hesabu zao.

Tena, nani wa kukagua? Leseni iko chini ya Wizara ya Nishati na Madini, usalama kazini uko chini ya Wizara ya Jinsia na Kazi, na kutoka Kampala hadi Moroto, huko Karamoja, ni zaidi ya kilomita 400. Kampuni kubwa zenyewe hulalamika kwamba masharti yakiongezwa, yatawabana wao tu kwa kuwa wanaonekana kutoka barabarani. Malalamiko hayo sitayakalia sana: aliyeleta mitambo ya mamilioni ya dola hashindwi kununua kofia ngumu.

Kinachonisumbua zaidi ni kifungu cha zamani ambacho hakitajwi sana. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema kwamba mfanyakazi akifa kazini na kuacha wategemezi, fidia yao ni mapato yake ya miezi 60. Miaka mitano ya mshahara si haba. Tuseme kijana alikuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mjane wake angestahili milioni 18. Sasa mpeleke mjane huyo kwa ofisa kazi wa wilaya. Mumewe alikuwa analipwa kwa viroba vya mawe, wiki moja vitatu, wiki nyingine hakuna, na kiroba kingine hakikutoa hata chembe. Mkataba hakuna. Mwajiri ni nani, mwenye shimo au mwenye shamba? Miezi 60 mara mshahara usioandikwa popote, jibu lake ni sifuri. Anachopata ni mchango wa mazishi kutoka kwa wachimbaji waliofanya kazi na mumewe, ambao nao wanasubiri zamu yao ya kushuka.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama shimo litawekewa nguzo. Magogo ya mikaratusi ya kuzuia kuta yana bei, na kwa wiki nzima ya kuyapanga hakuna kiroba kinachotoka. Kama kifo hakimgharimu mwenye shimo chochote, nguzo ni hasara kwake. Kama kinamgharimu milioni 18, atakwenda kununua magogo kabla mvua za Machi hazijaanza, bila kusubiri mkaguzi. Kwa macho yangu, sheria ianze kuimarishwa hapo: anayechukua mgawo wa viroba ahesabiwe kuwa mwajiri kwa kiasi cha mgawo wake, na daftari la karasha, mahali ambapo viroba huhesabiwa ili visagwe, likubalike kama ushahidi wa mapato. Mchimbaji mdogo hakatai utaratibu akiona faida yake. Syanyonja, huko huko Busia, chama cha wachimbaji kilitimiza masharti magumu hadi kikapata cheti cha Fairtrade, yaani cha biashara ya haki, kwa sababu mwisho wa masharti kulikuwa na bei nzuri zaidi.

Nakubali kwamba njia hii ina udhaifu wake. Mwenye shimo anaweza kutoroka usiku wa ajali, mwenye karasha anaweza kuandika daftari la uongo, na wavuna chumvi wa Ziwa Katwe, wanaoshinda ndani ya maji makali yanayowachubua ngozi, hawana karasha wala viroba vya kusagwa. Kwao ingebidi itafutwe hesabu nyingine. Mwenye kutoroka anaweza kubanwa kwa amana inayolipwa wakati wa kuchukua leseni, mradi amana hiyo isiwe kubwa kiasi cha kumrudisha mchimbaji kwenye shimo la usiku. Kiasi chake wakikadirie wizara zote mbili wakiwa meza moja na vyama vya wachimbaji, na wanapokaa waulize kwanza gogo moja la mikaratusi linauzwaje Busia.