Mkate wa Kufutia

Kama kuna kiumbe kigumu kuchorwa kwa penseli kuliko mtoto, basi ni paka. Nami, kwa tamaa zangu, nikawataka wote wawili kwenye karatasi moja: mpwa wangu kampakata paka.

Mchoro wa penseli hauna makelele, ndiyo maana naupenda. Shavu la mtoto ni penseli ya HB, isiyo ngumu wala laini sana, iliyosuguliwa kidogo kwa kidole, na pale panapong'aa ni karatasi tupu uliyojizuia kuigusa. Sharubu za paka, ambazo ndizo fahari yangu, hata hazichorwi. Unakandamiza mistari myembamba kwa sindano butu, kisha unapitisha 6B, penseli laini na nyeusi zaidi, juu yake. Penseli inairuka mifereji ile, na sharubu zinajitokeza zenyewe, nyeupe.

"Mjomba, nimechoka."

"Bado kidogo tu, mama."

"Na paka amechoka."

Paka alikuwa amelala fofofo.

Ikabaki pua ya mtoto, iliyovimba kama ya bondia. Natafuta kifutio, hakipo. (Baadaye kilikutwa chini ya paka.) Nikakumbuka kwamba kabla vifutio vya mpira havijaanza kuuzwa London mwaka 1770, watu walifutia penseli mkate, ile sehemu laini ya ndani. Nikamtuma mpwa wangu alete kipande. Akaenda mbio, akarudi mbio, na badala ya kunikabidhi akasugua mwenyewe. Palepale puani.

Mkate ulikuwa na siagi.

"Mkate mkavu haushuki, Mjomba," akanieleza kwa upole, maana watu wazima tunahitaji kueleweshwa.

Siagi ikishaingia kwenye karatasi ndiyo basi: haifutiki, na penseli haishiki juu yake. Nikageuka kumwita mama yake aje ashuhudie. Huku nyuma paka akaamka, harufu ikamvuta, akapanda mezani akaanza kulamba. Ulimi wa paka una vijimiba, karatasi haina ubavu nao. Pua ikaenda, mdomo ukafuata, kidevu kikabaki ukungu wa kijivu. Alipofika kwenye picha yake mwenyewe akasimama, akajilamba mguu, akaondoka. Hata usharubu mmoja hakuugusa.

Dada yangu akaingia, akauinua mchoro, akautazama kwa makini.

"Kaka, paka umempatia kweli kweli! Ila huyu aliyempakata ni nani?"

Mpwa wangu akawahi kujibu, mkate mdomoni:

"Mjomba."