Nani Kagusa Sauti?

Mimi nilikuwa najua sauti ni kitu kimoja. Redio ikipiga kelele unapunguza, ikinong'ona unaongeza, mambo yamekwisha. Babu yangu alikuwa na redio ya vifundo viwili, kimoja cha stesheni na kingine cha sauti, na aliondoka duniani bila kuuliza hata siku moja "hiki nacho cha nini?" Leo mimi mjukuu wake, msomi mzima, nina redio, nina kompyuta, nina waya mmoja wa USB kati yao, na nina mahali sita pa kurekebisha sauti ambayo hakuna mtu anayetakiwa kuisikiliza.

Ndiyo, hakuna. Huku kwenye redio ya ridhaa, yaani ya sisi tunaorushiana mawimbi kwa kujifurahisha tu, siku hizi wengi wetu hatuongei. Tunatumia FT8. Kompyuta inapiga mluzi, redio inaurusha hewani, kompyuta ya mwenzako inaupokea na kuufumbua. Kila zamu ni sekunde 15, na mluzi wenyewe unachukua sekunde 12.64, halafu unanyamaza na kumwachia mwenzako. Juzi mama watoto akasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Naongea na mtu."

"Mbona hujafungua mdomo?"

"Kompyuta ndiyo inaongea."

"Haya, huyo mtu amesema nini?"

"Amesema hasi 18."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Hasi 21."

"Halafu?"

"Halafu tumeagana kwa 73, ndiyo kwaheri yetu."

Akanitazama kama mtu anayepiga hesabu ya miaka aliyoipoteza. "Yaani unakesha kwa ajili ya kuambiana hasi."

Namba hizo za hasi, kwa faida yake na ya wengine walioguna, ni nguvu ya mawimbi ya mtu ikilinganishwa na kelele za hewani, kwa desibeli. Hasi 18 maana yake mtu kazama ndani ya kelele, sikio la binadamu halimpati, lakini programu inamshika ukosi na kumtoa. Inafika mpaka hasi 20 na ushei. Aliyeianzisha programu hiyo, WSJT-X, ni Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa kugundua nyota inayopiga mapigo ya redio huku ikizungukana na mwenzake. Mwaka 2017 yeye na Steve Franke wakatuletea FT8: F ya Franke, T ya Taylor, na 8 ni idadi ya milio ndani ya ule mluzi. Wazee hao wamemaliza hesabu zote. Mimi wameniachia kazi moja tu: weka sauti sawa. Na hiyo moja ndiyo inayonitoa jasho.

Tuanze na kusikia. Programu ina mstari wa kijani unaopanda na kushuka kama zebaki ya kipimajoto. Maelekezo yanasema tafuta mahali pasipo na mtu, sikiliza kelele tupu, mstari ukae karibu na 30. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila usiku ni kutafuta kelele nzuri.

Wangu ulikaa kwenye 8. Nikakamata kifundo cha sauti cha redio, kile kikubwa cha mbele kinachoita mkono. Nikakizungusha. Mstari haukutikisika. Nikakizungusha tena mpaka spika ikanguruma na chumba cha pili wakauliza kama mvua imeanza. Mstari, 8. Kumbe kwenye redio yangu kifundo kile ni cha spika tu! Sauti ya kwenda kompyuta inapitia mlango wa nyuma, ina kipimo chake, na kipimo hicho wamekizika kwenye menyu, ukurasa ambao ukifika umeshasahau ulikuwa unatafuta nini.

Nikakifukua, nikakipandisha mpaka mwisho. Nikaingia kwenye kompyuta, sehemu ya maikrofoni, nikapandisha mpaka mwisho. Chini yake nikaona pa kuongeza maikrofoni desibeli 20 za bure. Za bure! Nikaongeza. Mstari ukaruka na kuwa mwekundu, nami nikapiga makofi.

Sasa maajabu. Kabla ya hapo nilikuwa nafumbua vituo kama ishirini kwa zamu moja. Baada ya kuongeza sauti yote hiyo, vinne. Na kati ya hao wanne mmoja alikuwa amejitandaza kwenye skrini: yupo hezi 600, yupo 1200, yupo na 1800. Nikamlaani. Eneo zima tunalobanana lina upana wa kama hezi 3000, kila muungwana anatosheka na 50 zake, huyu bwana kachukua viti vitatu kama mwenye harusi. Nikaanza kumwandalia maneno makali.

Kumbe masikini hana kosa. Kompyuta yangu ndiyo nimeishindilia. Sauti ikizidi kile kinachoweza kuhesabiwa, kilele cha wimbi kinakatwa, na wimbi lililokatwa kichwa linazaa marudufu yasiyokuwepo hewani. Yule mtu alikuwa mmoja, aliyemzidisha mara tatu ni mimi. Nikaondoa zile desibeli 20 za bure, nikashusha huku na kule, mstari ukatua kwenye 30, skrini ikajaa watu. Nikalala kama mfalme.

Asubuhi, 55.

Nikaita kikao. "Nani kagusa sauti?" Mama watoto akasema yeye hata kuikaribia hiyo meza anaogopa kukabwa na waya. Kijana wangu akaapa. Mdogo wake akalia kabla sijamuuliza, jambo lililonipa mashaka, lakini sikupata ushahidi. Nilikaa siku tatu nikiitilia shaka familia yangu. Siku ya nne nikaingia kwenye mkutano wa kazini kwa kompyuta ileile, wenzangu wakaniuliza, "Kwako kuna mvua?" Nikatazama: programu ya mikutano imeifanya redio ndiyo maikrofoni yangu, na kwa kuwa ina hulka ya kurekebisha maikrofoni yenyewe bila kuagizwa, ikawa inapandisha na kushusha kelele za hewani ikidhani ni mimi nanong'ona. Watoto niliwaomba radhi. Yule mdogo alikubali, lakini kwa masharti.

Na ukichomeka waya wa USB tundu jingine, balaa. Kompyuta inasema hiki ni kifaa kipya, inakipa jina lilelile na kukiongezea 2 mbele, kama mtoto aliyerithi jina la babu, na inakirudisha kwenye kiwango cha sauti ilichokiona yenyewe kinafaa. Programu nayo imekaa inamsubiri babu.

Lakini kusikia ni nusu ya shida. Kurusha ndiko kwenye watu. Hapa nilihesabu mwenyewe kwa vidole, na mkono mmoja haukutosha. Kuna kidude cha kuburuta ndani ya programu. Kuna sauti kuu ya kompyuta. Nyuma yake kuna sauti ya kila programu peke yake, imejificha. Ndani ya redio kuna kipimo cha sauti inayoingia kwa USB, tena kwenye menyu. Kuna kipimo cha kukaza sauti, ambacho ni cha watu wanaoongea kwa mdomo na kinatakiwa kizimwe. Na kuna kifundo cha nguvu chenyewe, cha wati. Sita. Kimoja kikikosea, vitano vilivyobaki vinakusingizia wewe.

Mwamuzi wao ni mshale wa ALC. ALC ni mlinzi wa redio: ukiisukumia sauti nyingi, anaibana. Kwa mwenye kuongea, mshale ukicheza kidogo si neno. Kwetu wa mluzi, ukiinuka tu ujue mluzi huenda umepindwa, na mluzi uliopindwa unazaa marudufu, safari hii si kwenye skrini yangu bali hewani, kwa kila mtu. Kwa hiyo unapandisha taratibu mpaka mshale ushtuke, unarudi nyuma mpaka ulale. Rahisi. Tatizo ni mita ya wati iliyo pembeni yake. Ukirudisha sauti nyuma, wati nazo zinashuka kidogo, na roho inauma. Nimewahi kuukalia mshale huo usiku mzima kwa sababu ya wati 4.

Zaidi ya hapo, kompyuta ikiamua kwamba redio ndiyo spika yake, kila inacholia kinakwenda hewani. Kengele ya barua pepe yangu imeshapanda megahezi 14.074 katikati ya mluzi, ikavuka mipaka bila pasi. Siku nyingine kijana alifungua katuni upande mmoja wa skrini nikiwa narusha. Sheria za redio ya ridhaa karibu kila mahali zinakataza kurusha muziki, na ile katuni ilikuwa na muziki wa kutosha. Nilichomoa waya wa umeme. Sikupoteza muda kutafuta pa kuzimia.

Nilipopandisha wati kufika 50, mshale wa kipanya ukaanza kukimbia peke yake na USB ikajikata: mawimbi ya antena yamerudi nyumbani kupitia waya. Nikavisha waya vipande vya feraiti, vya kuzuia mawimbi hayo, kama bangili, ikatulia. Siku hizi narusha 30.

Sasa jana. Kila kitu sawa. Mstari kwenye 30, mshale wa ALC umelala, vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi na karatasi nimeibandika ukutani. Naita CQ, yaani yeyote anayenisikia ajibu, kwa raha zangu hezi 700. Naita zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye skrini likatokea jibu. Halikuwa na hasi. Lilikuwa ujumbe huru, ule ambao FT8 inakuruhusu herufi 13 tu, nafasi kati ya maneno ikiwemo. Mtu huko mbali, anayejua Kiswahili, alikuwa amekaa na kuhesabu mpaka ikamtosha kamili:

PUNGUZA SAUTI

Damu ikanipanda. Nikaangalia ALC: mshale umesimama wima kama askari. Nani kagusa? Karatasi iko palepale. Nina sekunde 15 za kumjibu mtu huyu, na vitu sita mbele yangu. Nikashusha cha programu, mshale haukushuka. Nikashusha cha kompyuta, haukushuka. Nikageuka nyuma nikapaza sauti, "Nani kagusa?" Mlango wa chumba cha watoto ukafungwa polepole.

Mikono ikitetemeka nikamwandikia yule bwana ombi la msaada: IPI KATI YA 6? Nikabonyeza. Herufi 14. Programu ikaikata ile alama ya kuuliza ikarusha zilizobaki, tena kwa mluzi uleule uliopindwa, kwa hiyo nadhani aliipata sehemu tatu.

Akanijibu 73.