Meza za Wachoraji au Skrini za Gemu: Msingi wa Tamasha la Mashabiki wa Anime Dar es Salaam

Kila msimu wa matamasha ya mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, na gemu unapokaribia Nairobi, kwenye Naiccon na Otamatsuri, vijana wa Dar es Salaam huanza kuulizana nani anasafiri. Basi hutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, hupitia Namanga, na shabiki hufika hoi, mkononi akiwa na vazi la sponji lisilokunjika, la kumwiga mhusika anayempenda. Kwa hiyo hoja kwamba Dar inastahili tamasha kubwa la kila mwaka, la kuvuta hata watu wa Kampala na Mombasa, haihitaji utetezi mrefu. Ubishi uko kwenye msingi wake: liegemee mashindano ya gemu, au liegemee kazi za mashabiki wenyewe?

Wanaotaka gemu zitangulie wana hoja nzito, nayo ni fedha. Ukumbi kama Diamond Jubilee haukodishwi kwa mapenzi, na kampuni ya simu itatoa udhamini upesi zaidi ikiona mamia ya vijana wanashangilia fainali kuliko ikioneshwa mchoraji mmoja na kalamu zake. Tena wachezaji wapo tayari. Vibanda vya gemu vimejaa Temeke, Manzese na Mbagala, vijana wakilipia mechi moja moja na kugombea pedi, wakati shabiki wa anime kwa kawaida hutazama peke yake kwenye simu, usiku, bando likiwa bei nafuu. Wa kwanza amezoea kukutana na wenzake. Wa pili inabidi abembelezwe atoke nyumbani.

Hata hivyo, anayeegemea gemu anaegemea mali ya mtu mwingine. Mwaka 2023 Nintendo, kampuni ya gemu ya Kijapani, ilitoa mwongozo unaosema kwamba mashindano ya jumuiya yanayofanyika ana kwa ana bila leseni maalumu yasizidi washiriki 200, na kila kampuni ina masharti yake ambayo inaweza kuyabadilisha wakati wowote. Kivuli cha kamari nacho hakikosekani palipo na zawadi ya fedha, na mzazi wa Kinondoni hatakaa chini kutofautisha mashindano na ubashiri kabla ya kumkataza mwanawe. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba zawadi huenda kwa wachache na waliobaki hurudi nyumbani wakiwa watazamaji tu, hali waliyokuwa nayo kabla ya kukata tiketi.

Upande wa pili unatazama Tokyo. Comiket, soko la vijitabu vya mashabiki, ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 vya watu waliochora na kuchapa vijitabu vyao wenyewe, mbele ya wahudhuriaji wapatao 700. Kufikia 2019 ilikuwa ikipokea zaidi ya watu laki saba kwa siku nne. Haikukuzwa na jukwaa wala wageni mashuhuri, bali na meza, ambako aliyechora anamuuzia anayependa kusoma. Dar si mgeni wa jambo hili. Chakubanga, mhusika wa katuni, alikuwa akichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru kabla wengi wetu hatujazaliwa, na Gado, mchora katuni anayejulikana dunia nzima, alizaliwa hapa mwaka 1969. Ukimwangalia anayeandaa vazi la kosplei, yaani la kumwiga mhusika, utaona ufundi huohuo: sponji ngumu ya mikeka inakatwa kwa kisu cha karatasi, inapashwa moto ili ipinde, inapakwa gundi tabaka mbili kabla ya rangi, kisha fundi cherehani wa Kariakoo anapewa picha ya mhusika asiyemjua na kuulizwa koti lile litakula mita ngapi. Hizo ni fedha zinazobaki mjini.

Udhaifu wa upande huu ni hakimiliki, na watetezi wake hupenda kuuruka. Stika na fulana nyingi zinazouzwa na mashabiki zina sura za wahusika wa Kijapani. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994 na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa hiyo kusema kwamba wenye haki kule Japani huwavumilia mashabiki si kinga mbele ya sheria ya hapa. Kinachowezekana ni waandaaji kuweka sharti tangu mwanzo kwamba atakayepewa meza ya bei ndogo awe na kazi za wahusika wake mwenyewe, na kila mwaka sehemu hiyo iongezeke.

Mimi naelemea meza, ila siamini kwamba zitalipa kodi ya ukumbi katika miaka ya mwanzo. Gemu zilipe, na mdhamini apewe bango lake, lakini skrini ziwekwe nyuma ya ukumbi ili anayekwenda kuona fainali apite kwanza mbele ya wachoraji. Tarehe nayo si jambo la kupuuza. Mtu aliyevaa wigi na sponji mwezi Februari Dar es Salaam ataishia kwenye feni badala ya jukwaani, masika hufunga barabara, na Novemba kidato cha nne wako kwenye mitihani. Zinabaki wikiendi za kipupwe, baada ya Sabasaba kupita, na kumbi za wakati huo hugombewa na kamati za harusi zinazolipa mapema.