Seva ndogo ya kuhifadhia data: tuanze na umeme, kichakataji kitafuata

Mtu akitaka kujiundia seva ndogo ya kuhifadhia faili kwenye mtandao, swali lake la kwanza huwa ni kichakataji gani aweke. Namwelewa, maana kichakataji kina jina na namba, na vitu vyenye namba ni rahisi kuvilinganisha. Lakini kwa kazi ya kupokea faili na kuzirudisha, ni nadra kichakataji kuwa ndicho kinachokwamisha. Mtandao wa gigabiti moja kwa hesabu hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, na kwa vitendo hubaki kama 110 hivi. Diski kubwa ya kisasa ya inchi 3.5 husoma faili ndefu kwa zaidi ya megabaiti 200. Diski moja tu, tayari inausubiri mtandao.

Kwa hiyo mvutano wenyewe uko kwingine: utumie bodi ndogo iliyolehemewa kila kitu, diski zikining'inia kwenye USB, au bodi ya kawaida ya kompyuta ya mezani, ya kipimo kidogo kiitwacho mini-ITX, yenye matundu yake ya SATA ya kuchomeka diski moja kwa moja?

Wanaotetea bodi ndogo wana hoja nzito. Seva haizimwi, hukaa saa 8,760 kwa mwaka, na tofauti ya wati 20 tu hufika kilowati-saa 175. Joto nalo hupungua, na pengine hata feni haihitajiki. Tena bodi hizi zimekua. Chukua Raspberry Pi, mojawapo ya bodi ndogo hizo: Raspberry Pi 3B+ ya mwaka 2018 ilikuwa na tundu la gigabiti lililopitia USB 2.0, hivyo mwendo wake halisi uliishia karibu na megabiti 300 kwa sekunde. Raspberry Pi 4 ya 2019 ikatoa gigabiti kamili, na Raspberry Pi 5 ya 2023 ikafungua kwa mtumiaji njia moja ya PCIe, yaani njia ya kasi ya kuunganisha vifaa na bodi bila kupitia USB. Anayeziita za kuchezea anakumbuka enzi ile ya kwanza.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni waya wa USB. Niliwahi kuwa na diski mbili zenye nakala pacha, kila moja ndani ya kasha lake. Siku moja nikasogeza kasha moja kidogo nifute vumbi. Taa ikazimika, ikawaka tena kabla sijainua kitambaa. Kwa jicho hakuna kilichotokea. Lakini diski ilirudi kwenye mfumo ikiwa na jina jingine, ile pacha ikahesabiwa kuwa imekufa, na terabaiti 4 zikaanza kunakiliwa upya kwa zaidi ya saa saba. Saa zote hizo nilikuwa na nakala moja tu. Waya wa SATA wenye kibanio cha chuma haukubali kuchomoka kirahisi namna hiyo, na afya ya diski unaisoma moja kwa moja, bila chipu ya kasha kutafsiri katikati.

Bodi ya kawaida nayo ina dosari yake, na wanaoitetea huipita haraka mno. Mtu huchukua pawa saplai ya wati 500 kuendesha mashine inayokula wati 30. Hiyo ni asilimia 6 ya uwezo wake, wakati madaraja ya kawaida ya 80 PLUS, alama ya ufanisi wa pawa saplai, hupimwa kuanzia asilimia 20 ya mzigo. Alama iliyobandikwa pale haikuambii lolote kuhusu mahali unapoitumia.

Dawa ya wengi ni adapta ya nje ya volti 12 pamoja na kipande kidogo cha saketi cha kugawa umeme. Ni dawa nzuri, ila hapa ndipo seva nyingi ndogo huharibika. Diski ya inchi 3.5 ikishazunguka na kutulia hula wati 5 hivi. Wakati wa kuamka, kwa sekunde chache, inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye volti 12. Nne zikiamka pamoja ni ampea 8, yaani wati 96, kabla hujahesabu bodi. Adapta ya wati 90, iliyoonekana kutosha mara mbili, inashuka volti. Utaisikia diski: inanguruma, inagonga tik, inanyamaza, inaanza upya. Mwenye nayo hudhani diski ni mbovu, akaibadilisha, na mpya ikafanya vilevile. Tiba ni adapta kubwa zaidi, au kuamsha diski kwa zamu kama bodi na diski zinakubali.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yenye kusahihisha makosa yake yenyewe ni nzuri ukiipata. Kama fedha inatosha kimoja tu, mimi ningenunua kwanza diski ya nakala rudufu inayokaa nje ya seva.

Kwa diski mbili, ningechukua bodi ndogo bila kusita, mradi diski zipite kwenye PCIe au SATA na si kwenye waya wa USB. Kwa diski nne au zaidi, mini-ITX, na kabla ya kusoma jina la kichakataji ningesoma ampea zilizoandikwa kwenye adapta.